Chipu ya miguu mirefu au ile bapa? Kuchagua umbo la maikrokontrola na vipuri vya kuizunguka

Kabla ya kuniuliza ununue chipu gani ya maikrokontrola, yaani kompyuta ndogo iliyomo ndani ya chipu moja, niambie kwanza una pasi gani ya kulehemu, na bodi hiyo ikiharibika miaka miwili baadaye ataifungua nani. Majibu hayo mawili yanaamua mengi kuliko ukubwa wa memori au kasi ya saa, yaani yale mapigo yanayoiendesha chipu. Vijana wanaokuja karakana yangu hapa Tanga huanzia kwenye kasi. Wamesoma kwamba chipu ya RP2040 ina viini viwili na bei yake ni ndogo, wameiagiza, imefika, na wakiifungua kwenye pakiti wanakuta kipande cha milimita 7 kwa 7 kisicho na mguu hata mmoja. Hapo ndipo zinapoanza zile "shikamoo fundi".

Nitatumia mfano mmoja mwanzo hadi mwisho: bodi ya kuwasha na kuzima pampu kulingana na maji yaliyomo kwenye simtanki juu ya mnara. Saketi yake ni rahisi, ila mahali inapokaa pana kila adui: joto, hewa ya chumvi, waya mrefu, umeme unaoyumba, na mota pembeni. Chipu ni ATmega328P, ileile ya Arduino Uno, bodi maarufu ya kujifunzia. Ina kilobaiti 32 za programu na 2 za RAM. Kwa maboya mawili ya kupima kina cha maji na relei moja (swichi inayoendeshwa kwa umeme), hiyo ni nyumba ya vyumba vinne kwa mpangaji mmoja.

Soma herufi za mwisho

Chipu hii inauzwa kwa maumbo matatu utakayokutana nayo, na ndani ni kitu kilekile. Kinachotofautisha ni herufi za mwisho wa jina. ATmega328P-PU ni DIP: miguu 28 ya kupenya kwenye matundu, milimita 2.54 kati ya mguu na mguu, inakaa kwenye bredibodi (bodi ya majaribio isiyohitaji lehemu) na kwenye bodi ya matundu bila ubishi. Yenye -AU ni TQFP: mraba bapa wa milimita 7 kwa 7, miguu 32 iliyokunjwa nje, nafasi ya milimita 0.8. Yenye -MU ni QFN: milimita 5 kwa 5, haina miguu, ina vidoa vya kulehemu kwenye kingo za chini na pedi kubwa katikati ya tumbo.

Kama una pasi ya kawaida ya ncha nene na hujawahi kulehemu chipu bapa, nunua DIP na usione haya. Bodi unaweza kuijenga leo jioni kwa bodi ya matundu. Ukikosea njia ya shaba unaikata kwa kisu na kuruka kwa waya. Kila pini unaifikia kwa mita bila kuogopa kugusanisha mbili. Na hata fundi redio wa kijiji asiyejua maikrokontrola ni nini ataweza kuibadilisha.

TQFP inatisha kwa sura tu. Nafasi ya milimita 0.8 ni pana kwa mtu mwenye ncha safi, flaksi (dawa ya kusaidia lehemu kushika) ya kutosha na lenzi ya kukuzia. Unaibana chipu kwa lehemu kwenye kona mbili zinazotazamana, unahakikisha pande zote nne zimekaa juu ya pedi zake, unamwaga flaksi, kisha unaburuta tone la lehemu taratibu juu ya miguu. Ikigandana, unanyonya kwa utepe wa shaba. Lehemu ya 63/37 huyeyuka kwenye nyuzi 183, kwa hiyo pasi ya nyuzi 320 hadi 350 inatosha. Anayepandisha hadi 450 ndiye anayeng'oa pedi. Faida yake: unapata pini mbili za ziada za kupima volti, ADC6 na ADC7, ambazo kwenye DIP hazipo kabisa. Hasara yake ni kwamba lazima uwe na bodi iliyochapwa. Viwanda vya China vinakubali oda ya bodi tano, ila utasubiri mzigo. Mimi natumia TQFP pale ninapojua nitatengeneza bodi nyingi zinazofanana. Kwa bodi moja au mbili ni kujitafutia kazi.

QFN waachie wenye bloa, mashine ya kulehemu kwa hewa moto. Mafundi simu wanayo na wanaijua, na kama ni rafiki zako mpe mmoja wao akubandikie. Kwa pasi peke yake, ile pedi ya tumboni huifikii, na pini ambayo haikushika vizuri utaitafuta usiku kucha kwa sababu kwa jicho zote zinaonekana sawa.

Jambo la dukani. Ukinunua Kariakoo au mtandaoni, angalia ile P katikati. ATmega328-PU bila P ni chipu halali, lakini saini yake ya ndani ni 1E 95 14, wakati ya 328P ni 1E 95 0F. Programu ya kupakia ikikuta saini tofauti inakataa, nawe unadhani umeuziwa feki. Kwa kazi ya tangi zinafanya kazi sawa, badilisha tu jina la chipu kwenye mipangilio. Ya tatu, 328PB, yenye saini 1E 95 16, haipatikani kwa DIP, na pini zake mbili ambazo kwenye 328P ni za umeme zimegeuzwa kuwa pini za kazi. Usiibandike kwenye bodi ya 328P kabla ya kulinganisha michoro ya pini.

Soketi

Hapa nina msimamo ambao wenzangu wa bara wanaucheka. Soketi ni ya mezani. Bodi inayopanda juu ya mnara karibu na bahari, chipu naiunganisha moja kwa moja kwa lehemu. Zile soketi za bei rahisi zenye ulimi bapa wa bati hushika mguu kwa kuukwaruza tu. Hewa ya chumvi ikiingia pale, mguso unakuwa wa kubahatisha, na bodi inaanza kufanya vituko ambavyo ukiishusha chini huvioni tena, maana kule kuitikisa kumesafisha mguso. Kama lazima uweke soketi, chukua ile ya matundu ya mviringo iliyochongwa, bei yake ni mara kadhaa lakini inabana kweli.

"Na chipu ikifa?" Ikifa unakata miguu yote 28 kwa koleo ndogo, unatoa mwili, kisha unavuta mguu mmoja mmoja. Njia za shaba zinabaki salama. Usijaribu kuitoa nzima kwa kupasha huku na huku. Na kwa kuwa chipu haitoki, bodi lazima iwe na pini sita za kupakia programu, safu mbili za tatu tatu: MISO, chanya, SCK, MOSI, RESET na hasi. Hizo usiziache hata kama nafasi ni finyu.

Kapasita ndogo zinazodharauliwa

Kwenye bredibodi chipu itawasha taa bila kapasita hata moja, na hicho ndicho kinachowadanganya watu. Chipu huvuta umeme kwa vishindo vifupi mno kila saa inapopiga. Waya wa sentimita kumi kutoka kwenye regyuleta (kipuri cha kushusha na kutuliza volti) hauwezi kuleta umeme kwa haraka hiyo, kwa hiyo volti inazama kwa kitambo kidogo pale pale kwenye mguu. Kapasita ya seramiki ya nanofaradi 100 ndiyo akiba ya kuziba pengo hilo, nayo ina maana ikiwa tu imeshikamana na pini zenyewe.

Kwenye DIP unahitaji mbili. Ya kwanza kati ya pini 7 na 8. Ya pili kati ya pini 20, inayoitwa AVCC, na 22. Mimi hupitisha miguu ya kapasita upande wa shaba, chini ya chipu kabisa. AVCC lazima iunganishwe na chanya hata kama hupimi volti yoyote. Pini za PC0 hadi PC3, za kundi linaloitwa bandari C, zinategemea umeme huo. Pini 21, AREF, ni ya rejeo, yaani volti ya kulinganishia wakati wa kupima; weka kapasita nyingine ya nanofaradi 100 kwenda hasi na uishie hapo. Usiiunganishe na volti 5, kwa sababu programu ikichagua rejeo la ndani utakuwa umegonganisha vyanzo viwili ndani ya chipu. TQFP ina pini mbili za VCC, kwa hiyo ongeza kapasita.

Kusoma alama: 104 ni nanofaradi 100. 22 au 220 ni pikofaradi 22, ila 223 ni nanofaradi 22, mara elfu moja zaidi. Wauzaji huzichanganya kwenye kijisanduku kimoja, hivyo soma kila moja kabla ya kulehemu.

Kristali: je, unaihitaji?

Karibu kila mchoro utakaoukuta una kristali (kipuri cha kuipa chipu mapigo sahihi ya saa) ya megahezi 16 na kapasita mbili za pikofaradi 22. Kwa bodi ya tangi mimi siiweki. Chipu ina saa yake ya ndani ya megahezi 8. Usahihi wake kutoka kiwandani ni ndani ya asilimia 10, na boya halijali kama sekunde imechelewa kidogo. Bila kristali unaokoa vipuri vitatu, unapata pini mbili za kazi, na unaondoa sehemu ya saketi inayochukia unyevu kuliko zote.

Iweke pale bodi itakapozungumza kwa serial na kifaa kingine, mfano modemu ya simu, kwa sababu mazungumzo hayo yanavumilia kosa la asilimia 2 hivi. Ukiiweka, piga hesabu badala ya kunakili. Soma kwenye datashiti ya kristali mzigo wake, tuseme pikofaradi 16. Toa kama 5 za njia za shaba na pini, zinabaki 11, zidisha kwa mbili: 22. Kristali ya mzigo wa 12 itataka 15 hivi, na ukiiwekea 22 itapiga kasi iliyopungua kidogo, au siku ya baridi na unyevu itakataa kuanza. Njia zake ziwe fupi, na pasipite waya wa relei karibu nazo.

Reset, na lile jambo la volti kuzama

Pini ya reset, ya kuanzisha chipu upya, ina rizista ya ndani, ila ni dhaifu, kati ya kiloohmu 30 na 60. Kwenye meza inatosha. Karibu na kontakta (swichi kubwa ya umeme) ya mota, kila ikigonga, bodi inajizima na kuwaka. Weka kiloohmu 10 kutoka reset kwenda chanya. Ongeza dayodi 1N4148, mstari wake ukielekea chanya, kwa sababu pini hiyo pekee haina dayodi ya kinga ya juu ndani; iliachwa hivyo ili iweze kupokea volti 12 za aina fulani ya upakiaji. Ile kapasita ya nanofaradi 100 utakayoiona kwenye michoro, kwenye waya wa DTR, ni ya wanaopakia programu kwa USB. Sisi tunapakia kwa zile pini sita, iache.

Kubwa kuliko hayo ni umeme unaoshuka polepole. Umeme wa nyumbani ukikatika, volti haianguki mara moja. Kapasita kubwa inaishiwa taratibu, na kuna muda chipu iko volti 2 na kitu, haijafa lakini haina akili. Katika muda huo inaweza kuandika takataka kwenye EEPROM (memori isiyofutika umeme ukikatika) au kuiwasha relei. Dawa imo ndani ya chipu yenyewe, inaitwa BOD, inayoisimamisha chipu volti ikishuka mno, na kutoka kiwandani imezimwa. Iwashe kwa kiwango cha volti 4.3 ikiwa bodi yako ni ya volti 5. Kwa saa ya ndani ya megahezi 8 fyuzi za ndani (si za kuungua, ni mipangilio ya chipu unayoiandika kwa programa) zinakuwa: ya chini E2, ya juu D9, ya ziada FC. Ziandike kwa makini. Ukiweka kwa bahati mbaya zile za kristali ya nje kwenye bodi isiyo na kristali, chipu itaonekana imekufa, na kuifufua itabidi uipe mapigo ya saa kutoka bodi nyingine kwenye pini 9.

Chipu mpya inatoka kiwandani ikienda megahezi 1, kwa sababu saa ya ndani inagawanywa kwa 8. Programa, kifaa cha kupakia programu, ikiwa na kasi ya kawaida inaweza kukataa kuiona. Punguza kasi iwe chini ya robo ya saa hiyo, andika fyuzi, kisha uirudishe.

Umeme wa kuilisha

Natumia adapta ya volti 12 na regyuleta 7805, ambayo kila duka la vipuri inayo. Wengine hununua relei ya volti 5 ili kila kitu kiwe kimoja. Piga hesabu ya joto uone. Relei ndogo ya volti 5 inakula miliampea 70 hivi; pamoja na chipu na taa ni kama 100. Regyuleta inaunguza volti 7 mara ampea 0.1, yaani wati 0.7, na 7805 isiyo na bati la kupozea hupanda takriban nyuzi 65 kwa kila wati. Hizo ni nyuzi 45 juu ya joto la boksi, na boksi la Tanga mchana wa Januari lina joto lake tayari. Ukichukua relei ya volti 12, koili yake inakula 30 hivi moja kwa moja kutoka adapta, na 7805 inabaki kulisha chipu na taa tu, miliampea 20. Joto linashuka chini ya nyuzi 10. Bei ya relei ni ileile.

Kabla ya 7805 weka dayodi 1N5819 kwa mfululizo, kwa ajili ya atakayegeuza waya, kapasita ya maikrofaradi 100 ya volti 35, na dayodi ya kumeza mishtuko P6KE18A kati ya chanya na hasi. Karibu na miguu ya regyuleta weka seramiki ya maikrofaradi 0.33 upande wa kuingia na ya 0.1 upande wa kutoka. Regyuleta nyingine, AMS1117, iache kwa bodi zinazotumia volti 5 za USB. 12 kwake ni joto tupu. Na kama bodi yako ni ya betri, usitumie yoyote kati ya hizo mbili, kwani kila moja inakula kama miliampea 5 hata chipu ikiwa imelala, wakati chipu iliyolala vizuri inakula maikroampea chache. Regyuleta MCP1700 inakula maikroampea 1.6, ila mwisho wake ni volti 6 za kuingia.

Waya za kwenda nje

Mguu wa chipu haupaswi kamwe kufika miliampea 40, kwa hiyo relei inaendeshwa na transista: 2N2222, rizista ya kiloohmu 1 kutoka kwenye pini kwenda besi, na kiloohmu 10 kutoka besi kwenda hasi. Hiyo ya pili wengi huiruka. Wakati chipu inaamka, pini zake zote zinaelea, na bila rizista hiyo relei inaweza kugonga kila umeme unaporudi. Juu ya koili, dayodi 1N4007 kinyume cha umeme.

Miguso ya relei ndogo imeandikwa ampea 10, lakini hiyo ni kwa pasi ya nguo au taa. Pampu ya nguvu farasi moja ikianza kuzunguka inavuta mara kadhaa ya umeme wake wa kawaida, na relei itashikana. Relei iwashe koili ya kontakta, kontakta iwashe pampu, na sambamba na koili hiyo weka ohmu 100 na kapasita ya maikrofaradi 0.1 ya aina ya X2 (ya kuhimili umeme wa nyumbani) kwa mfululizo. Upande wa volti 230 uache nafasi ya milimita 8 bila shaba yoyote kati yake na upande wa chipu, na ufungwe na fundi umeme mwenye leseni.

Waya wa maboya unaweza kufika mita 20, nao ni antena. Rizista ya ndani ya chipu haitoshi. Weka kiloohmu 4.7 kwenda chanya, kisha kiloohmu 1 kwa mfululizo kuingia kwenye pini, na nanofaradi 100 kutoka kwenye pini kwenda hasi. Mawimbi ya maji ndani ya tangi hayachujwi na vipuri; hayo yashughulikie kwenye programu, boya litulie sekunde kadhaa ndipo uamue.

Kabla ya kupanda mnara

Kabla ya kulehemu chipu, washa umeme na upime matundu yake: 7 na 20 zisome volti 5, 8 na 22 sifuri, 1 isome 5. Zima, lehemu, pakia fyuzi, pakia programu, kisha washa na uzime kontakta mfululizo huku ukiangalia kama bodi inajianzisha upya.

Osha flaksi yote kwa spiriti na brashi ya meno. Usitumie paste ya kulehemu rejeta za magari. Ina asidi na itaendelea kula shaba baada ya wewe kuondoka. Ikikauka, paka upande wa shaba rangi ya kucha isiyo na rangi, mara mbili, ukizikwepa zile pini sita na skrubu za waya. Boksi liwe la umeme la IP65 (lisiloingiza vumbi wala maji ya kurushiwa), waya ziingie kwa chini, na kila waya ushuke kidogo chini ya tundu kabla ya kupanda kuingia, ili maji ya mvua yadondokee nje. Ndani ya mfuniko bandika karatasi yenye fyuzi zote tatu, tarehe ya programu, na rangi ya waya ya kila boya, kwa sababu atakayelifungua huenda asiwe wewe.